Ngazi Inayoegemea Ukuta Laini

Kiatu cha kushoto cha ngazi ndicho kilichoanza. Nilikuwa nakitazama, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa kulikwepa jua, na nikakiona kikisogea kwa upana wa kidole kimoja juu ya sakafu ya niru, kikaacha mchirizi wa kijivu, kikatulia. Nilipata muda wa kuwaza kwamba pengine nimeona vibaya. Kisha viatu vyote viwili vikaondoka kwa pamoja, na ngazi niliyokuwa nimeishikilia kwa mikono yangu miwili ikanichomoka kama kamba ya ndoo inavyomchomoka mtu kisimani.

Fundi bomba alikuwa juu, mkono mmoja ndani ya tangi, akishughulika na boya ambalo kwa siku kadhaa lilikuwa limegoma kufunga maji. Aliudaka ukingo wa zege la mnara, akaning'inia kwa muda ambao siwezi kuukadiria, kisha akajiachia. Alitua kwa miguu, lakini mwili ukarudi nyuma, na mkono wa kulia ndio uliotangulia kuipokea sakafu.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika.

Hospitalini muuguzi alipouliza ilikuwaje, nilifungua mdomo ili nieleze, lakini Fundi akaniwahi. "Nilikanyaga vibaya, Sista," alisema. Muuguzi akaandika hivyo, na hivyo ndivyo mtaa wetu mzima wa hapa Tanga ulivyosikia.

Hakukanyaga vibaya. Ngazi ilipoondoka, miguu yake yote miwili ilikuwa katikati ya kipandio, imetulia. Nimeishi na sentensi yake ile kwa wiki saba, na ndiyo inayonifanya niandike leo badala ya kuandika habari za miche ya mikarafuu niliyowaahidi.

## Swali la ubaoni

Wanafunzi wangu wa zamani wanaosoma hapa wanajua nilichokuwa nikifundisha. Kwa miaka 26 nilifundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka tulifika kwenye swali lile lile: ngazi ya urefu fulani imeegemea ukuta laini, yaani usio na msuguano, na kusimama kwenye sakafu yenye msuguano, mtu anaanza kupanda, je, atafika wapi kabla ngazi haijateleza? Nilichora ukuta kwa mstari wa wima, ngazi kwa mstari wa mshazari, na mtu nikamchora kama nukta. Nukta hiyo haikuwahi kuwa na jina wala mkono wa kulia.

Neno kidato lenyewe ni la kupandia. Kabla halijawa jina la darasa lilikuwa jina la pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Nilisimama mbele ya vidato miaka yote hiyo nikieleza habari za kupanda, na ngazi halisi ilipoegemezwa uani kwangu, nikaitazama kama mtu ambaye hajawahi kuliona lile swali.

Jibu lake si gumu. Mtu anapopanda, ngazi inausukuma ukuta, na ukuta unairudishia msukumo huo kuelekea nje. Kitu pekee kinachouzuia msukumo huo usiikimbize ngazi ni msuguano kati ya viatu vyake na sakafu. Ukubwa wa msukumo unapatikana hivi: chukua umbali wa kitako cha ngazi kutoka ukutani, ugawe kwa kimo cha mahali ngazi inapoegemea, uzidishe kwa uzito wa mtu, kisha uzidishe kwa sehemu ya ngazi ambayo amekwisha kuipanda.

Hiyo sehemu ya mwisho nitairudia baadaye, kwa kuwa ndiyo iliyotuangusha.

## Mita 1.2 na mita 2.5

Katika wiki ya pili nilitoka uani na futikamba na daftari. Kimo cha ukingo wa mnara wa tangi ni mita 4.8. Kanuni inayofuatwa na watu wa kazi hizi duniani kote ni kwamba kwa kila mita nne za kwenda juu, kitako cha ngazi kikae mita moja kutoka ukutani, jambo linaloipa ngazi mwinamo wa digrii 75 hivi. Kwa mnara wangu, basi, kitako kilipaswa kukaa mita 1.2 kutoka ukutani.

Nilipima mita 1.2. Futikamba iliishia katikati ya mfuniko wa chemba ya maji machafu, mfuniko ambao una ufa tangu lori la mchanga liliporudi nyuma vibaya.

Hapo nikakumbuka kila kitu. Fundi alianza kuiweka ngazi pale pale panapostahili, akauona ufa, akatikisa kichwa, akairudisha ngazi nyuma hadi kwenye sakafu ya niru tunapofulia nguo. Mimi nilimsifu kwa uangalifu wake. Mchirizi wa kijivu ulikuwa bado upo, nami nikapima kutoka ukutani hadi pale unapoanzia: mita 2.5.

Tugawe. Mita 1.2 kwa 4.8 ni 0.25. Mita 2.5 kwa 4.8 ni 0.52. Kwa mtu wa kilo 70 aliyefika juu kabisa, ngazi iliyosimama vizuri inasukumwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 17 na nusu. Ile ya kwetu ilisukumwa kwa kilo 36, bila kuhesabu uzito wa ngazi yenyewe. (Nguvu hupimwa kwa nyutoni, naam, na ukingo wa zege si laini kama ukuta wa ubaoni. Wanafunzi wangu wanisamehe.) Kuirudisha ngazi nyuma mita 1.3 kulizidisha msukumo zaidi ya mara mbili, na hayo yote juu ya niru ambayo asubuhi ile ile ilikuwa imemwagiwa maji ya sabuni.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuisogeza ngazi karibu mno na ukuta mpaka mpandaji akijivuta nyuma kidogo tu inamfuata. Hilo sikulifanya siku hiyo.

## Kuruka mara mbili

Kabla ya kupanda, Fundi alisimama kwenye kipandio cha kwanza, akaenda cha pili, akaruka mara mbili kwa uzito wake wote. Ngazi haikutikisika. "Imeshika, Mama," alisema. "Nishikie hapo chini, ni dakika mbili tu."

Nimewaona watu wakifanya hivyo maisha yangu yote: mafundi wa dishi, wapaka rangi, wachuma maembe, na marehemu baba yangu. Nami nilipoyaona yale maruko mawili nilitulia moyo, kwa sababu yalifanana na jaribio, na mwalimu wa sayansi hushawishika upesi na kitu chochote kinachofanana na jaribio.

Kipandio cha pili kiko kama sentimita 60 kutoka kitako, kwenye ngazi ambayo ilikuwa na mita 5.4 kutoka sakafuni hadi ukingoni. Mtu wa kilo 70 akisimama pale, msukumo wa kwenda nje ni kama kilo 4 tu. Mtu huyo huyo, kwa uzito ule ule, akifika juu, msukumo ni kilo 36. Alikuwa ameipima ngazi kwa kilo 4 na kuyapokea majibu kana kwamba amepima 36, hata kama tutayaongezea yale maruko.

Nililiandika hilo daftarini, nikalifunga daftari, nikaingia ndani kulala mchana, jambo ambalo si kawaida yangu.

## Nilipoilaza chini

Wiki ya tatu niliilaza ngazi barazani, nikaikagua kipande kwa kipande. Niliinunua miaka minne iliyopita kwenye duka la vifaa vya ujenzi kama "ngazi ya mita saba", na kwa miaka minne nimekuwa nikiamini kwamba nina mita saba. Nina vipande viwili vya mita 3.5. Cha juu kinateleza juu ya cha chini, na sharti vipishane kwa kiasi cha kutosha ili visikunjike pale vinapoungana. Kwa ngazi za ukubwa huu kanuni za Marekani zinataka vipishane futi 3, yaani kama sentimita 90. Zikitolewa hizo, ngazi yangu ina mita 6.1. Kwa mnara wangu zinatosha, na kichwa cha ngazi kingeupita ukingo kwa mita moja na kidogo, ili anayevuka kwenda juu ya zege apate pa kushika. Ila zinatosha kwa mwinamo wa mita 1.2. Tulivyoilaza sisi, iliupita ukingo kwa nusu mita na kidogo.

Kulabu ni mbili, kila moja kwenye nguzo yake ya ubavuni, chini ya kipande cha juu. Kazi yake ni kukaa juu ya kipandio cha kipande cha chini na kuubeba mzigo wote. Nilizibonyeza kwa kidole gumba. Ya kushoto ilirudi kwa mlio mkavu, ta! Ya kulia iliishia nusu ya njia. Nilipoichokonoa kwa msumari ilitoa chembe za saruji, na hapo nikajua ni saruji ya nani, kwa kuwa ngazi yangu hutembea mtaani kama kinu, na Novemba ilikuwa kwa jirani aliyekuwa akipiga lipu. Kulabu moja ikishika na nyingine isishike, kipande cha juu hukaa upande, na uzito wote huelemea nguzo moja.

Wengi tunadhani kamba ndiyo inayokishikilia kipande cha juu. Mimi nilidhani hivyo. Kamba na kapi lake ni vya kupandishia tu. Kipande kikishafika, kulabu ndizo zinazobeba, na kamba iliyobaki hufungwa kwenye kipandio ili isiningʼinie ovyo miguuni mwa mtu.

Nilijaribu kukizungusha kila kipandio kwa mkono. Havikuzunguka, na hiyo ni dalili njema, kwa maana kinachozunguka kimekwisha kulegea kwenye maungio. Kwenye boliti za chuma kulikuwa na unga mweupe, kwa sababu alumini haipati kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma katika upepo wa chumvi kama huu wetu, huliwa taratibu pale pale panapogusana.

Halafu viatu. Vina soli ya mpira yenye mifereji, kama soli ya raba. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto, kwenye kona ya mbele, mpira ulikuwa umelika hadi alumini ikatokeza, doa linalong'aa lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 100.

Nililijua doa hilo.

Siwezi kusema kwamba nilikuwa nimeliona kwa macho. Nilikuwa nimelisikia. Tangu mwaka jana ngazi ikivutwa kwenye saruji ilikuwa ikitoa mkwaruzo wa chuma ambao zamani haikuwa nao, na kila mara niliwaambia watoto waibebe badala ya kuiburuta, kwa sababu mkwaruzo ule ulinikera masikio. Sikuwahi kuuliza unatoka wapi.

Ubavuni imebaki nusu ya lebo, na maandishi yanayosomeka ni "150 kg". Kiwango cha Ulaya cha ngazi, EN 131, hutumia kikomo hicho hicho cha mzigo. Niliponunua nilikisoma kama cheti: kilo 150, fundi ana 70, basi tuna akiba zaidi ya nusu. Lakini namba hiyo inaeleza mzigo ambao ngazi inaweza kuubeba ikiwa imesimama inavyopaswa. Haisemi lolote kuhusu sabuni.

## Mbao, alumini, faiba

Baba alikuwa na ngazi ya mninga, nzito kama jeneza, na kila mwisho wa mwaka aliipaka rangi ya kijani. Ilipendeza. Leo najua kwamba ngazi ya mbao haipakwi rangi inayofunika, kwa kuwa rangi huficha nyufa na mafundo yanayofunguka. Hupakwa vanishi au mafuta yanayoacha uzi wa mbao uonekane. Zile za mirunda na misumari ya inchi nne zinazotumika kwenye majengo mengi siwezi kuzitetea. Kipandio chake kinabebwa na misumari miwili, na msumari hulegea kila mguu unapokanyaga.

Alumini ni nyepesi, na ndiyo maana tunaipenda. Ikipinda haifai kunyooshwa, kwa sababu mahali iliponyooshwa ni dhaifu kuliko palivyokuwa. Na inapitisha umeme, jambo ambalo nililifundisha pia, kwa jedwali.

## Waya

Ilikuwa wiki ya nne, jioni, nimekaa kwenye ngazi za baraza nikiutazama mnara kwa mara ya mia, ndipo nikauona waya.

Ni waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya barabarani na kuingia nyumbani, volti 230. Unapita upande wa magharibi wa mnara, na kutoka mahali tulipoisimamisha ngazi hadi kwenye waya hapafiki mita 2. Uko pale tangu tulipohamia. Siku ile Fundi na mimi tuliivuta ngazi ikiwa imesimama, imerefushwa yote, mita 6.1 za alumini, tukaivusha ua mzima tukicheka kwa jinsi ilivyokuwa ikiyumba. Iliyumba upande wa mashariki. Ingeweza kuyumba upande wa pili, na ganda la waya ule limepigwa jua miaka mingi.

Wiki nne nilikuwa nikijihukumu kwa ajili ya sakafu, kumbe hatari iliyokuwa kubwa kuliko zote haikutugusa, na kwa sababu haikutugusa, hakuna hata mmoja wetu aliyeihesabu.

Watu wa usalama husema ngazi ikae angalau mita 3 kutoka kwenye waya wa umeme. Kwa zile njia za kilovolti 11 au 33 zinazopita barabarani hakuna hata haja ya kugusa, kwani umeme wa namna hiyo huruka. Mafundi umeme hutumia ngazi za faiba, ambazo hazipitishi umeme zikiwa kavu na safi, na maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Faiba nayo ina kasoro zake: ni nzito kuliko alumini, na ikiachwa juani miaka mingi uso wake huliwa hadi nyuzi zikatokeza na kuchoma viganja.

## Mikono yangu

Kilichobaki ni mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ngazi, viganja kwenye nguzo zote mbili, kwa kimo cha kifua. Nilikuwa nimevaa kandambili, juu ya niru ile ile yenye sabuni.

Nimejiuliza mara nyingi mikono ile ilikuwa ikifanya nini. Haikuweza kuzuia kilo 36 za msukumo sakafuni, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na msuguano mdogo kuliko ngazi. Ingalikuwa afadhali nipande kipandio cha chini kwa miguu yote miwili, ili kilo zangu 62 ziikandamize ngazi sakafuni. Hata hivyo, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza huiweka njia hiyo mwisho kabisa, baada ya kuifunga ngazi kwa kamba juu na chini, na baada ya kutafuta mahali pengine pa kuiweka.

Nadhani mikono yangu ilikuwa pale kwa ajili ya Fundi asijisikie peke yake, na kwa ajili yangu nisijione nimekaa bure. Kwa kazi hiyo ilifaa.

## Wiki ya saba

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, plasta imeshatolewa, mkono umekonda. Alikuwa na kijana anayemfundisha kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Mkono?"

"Unakubali kidogo kidogo. Boya bado linavuja?"

Lilikuwa linavuja. Wiki saba nimekuwa nikifunga koki kubwa kwa mkono kila jioni. Nilimkaribisha chai, nikamwekea daftari mezani, nikamweleza kila namba, kuanzia mita 2.5 hadi sarafu ya shilingi 100. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Haya mahesabu," aliuliza, "siku ile ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Alikunywa chai. Nilimuuliza kwa nini alimwambia muuguzi kwamba alikanyaga vibaya. Akasema, "Nikisema ngazi ya Mama ndiyo iliyoteleza, kesho nani ataniita nyumbani kwake?" Wiki saba bila kazi, na hilo ndilo alilolipigia hesabu akiwa amelala kwenye machela. Pesa niliyompa wakati ule niliiita ya pole. Siku hiyo nilimpa nyingine na sikuipa jina.

Ngazi ina viatu vipya na kulabu zake zimesafishwa. Tuliibeba ikiwa imefungwa, imelala, hadi upande wa mashariki wa mnara, ambako waya uko mbali na hakuna chemba. Pale ni udongo, kwa hiyo tulichimba kidogo, tukalaza ubao mpana, tukaipigia kizuizi nyuma ya viatu. Tuliisimamisha kwanza, ndipo tukairefusha, na tukasikiliza kulabu zote mbili zikilia. Nilipima mita 1.2. Fundi, ambaye haamini futikamba peke yake, aliweka vidole vya miguu kwenye viatu vya ngazi, akasimama wima, akanyoosha mikono mbele, na viganja vyake vikafika sawasawa kwenye kipandio. Tuliifunga chini kwa kamba kwenye nguzo ya mnara, na kijana akapewa kamba nyingine ya kufungia juu atakapofika.

Kijana akakanyaga kipandio cha kwanza, kisha cha pili, akaruka mara mbili.

"Imeshika, Fundi."

Fundi alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Bado," alisema. "Panda pole pole. Ukifika juu na ukishaifunga, ndipo utuambie kama imeshika."